Tokiwa-so, nyumba ya kupanga iliyozaa manga: Somo kwa mzazi wa mtoto anayechora kwenye simu

Ukitoka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Ochiai-Minami-Nagasaki, jijini Tokyo, hukutani na maghorofa ya vioo wala matangazo ya taa yanayoonekana kwenye picha nyingi za Japani. Huu ni mtaa wa watu wa kawaida. Kuna nyumba zilizobanana, maduka madogo, baiskeli zilizoegeshwa milangoni na nyaya za umeme zilizotanda juu ya njia nyembamba. Ukitembea kwa dakika tano hivi unafika kwenye bustani ndogo ya mtaa, na hapo kuna nyumba ya ghorofa moja inayoonekana imepigwa jua na mvua kwa miaka 70.

Ukweli ni kwamba nyumba hiyo ina miaka michache tu. Ilifunguliwa Julai 7, 2020 ikiwa makumbusho ya manga ya Tokiwa-so, chini ya wilaya ya Toshima. Mafundi waliijenga kwa kuiga nyumba ya kupanga ya mbao iliyosimama jirani na hapo kuanzia mwaka 1952 hadi ilipobomolewa mwaka 1982. Madoa ya ukutani yamepakwa kwa makusudi. Ngazi zimetengenezwa ili zilie zikikanyagwa, kama zilivyokuwa zikilia zile za awali.

Mzazi anaweza kujiuliza nyumba hiyo inamhusu nini. Inamhusu ikiwa nyumbani kwake kuna mtoto ambaye kurasa za nyuma za daftari lake la hisabati zimejaa wasichana wenye macho makubwa na wavulana wenye nywele zilizochongoka. Huo ndio mtindo wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani.

Siku hizi watoto hao wamehamia kwenye simu na tableti, na baadhi yao hawataki picha safi inayong'aa. Wanataka ionekane kama ilichapwa kwenye jarida la bei rahisi miaka 40 au 60 iliyopita: mistari ya wino mweusi, vivuli vya vitone, karatasi iliyopauka. Wanachofanya kwenye kioo ndicho walichofanya mafundi wa Tokiwa-so kwa mbao na rangi, kukifanya kitu kipya kionekane cha zamani.

Kujua uchakavu huo ulitoka wapi kunamsaidia mtoto auchore vizuri. Kunamsaidia pia mzazi ajue wakati wa kusema endelea na wakati wa kusema weka simu chini, ulale.

Mikeka minne na nusu

Vyumba vya wachoraji, ghorofa ya juu, vilikuwa vya mikeka minne na nusu. Wajapani hupima chumba kwa idadi ya mikeka ya tatami inayoenea sakafuni, na mikeka minne na nusu ni kama mita saba za mraba. Aliyewahi kupanga chumba kimoja mjini anaijua hali hiyo. Jiko lilikuwa la pamoja, choo cha pamoja, na bafu halikuwepo. Wapangaji walikwenda kuoga kwenye bafu la umma kwa kulipia. Inasimuliwa kuwa vijana wawili wa nyumba hiyo, Shotaro Ishinomori na Fujio Akatsuka, waliwahi kuogea kwenye sinki la jikoni.

Aliyeipa nyumba hiyo umaarufu ni Osamu Tezuka, aliyehamia mwanzoni mwa mwaka 1953. Tezuka alikuwa amesomea udaktari Osaka, lakini alichagua kalamu badala ya kliniki. Wakati akiishi hapo, hadithi yake ya simba mweupe katika misitu ya Afrika ilikuwa ikitoka kwenye jarida la Manga Shonen, na ile ya mtoto wa roboti, Astro Boy, ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla.

Mwaka 1954 Tezuka alihama. Chumba chake kilichukuliwa na vijana wawili kutoka mkoa wa Toyama, Hiroshi Fujimoto na Motoo Abiko, waliokuwa wakichora pamoja kwa jina la Fujiko Fujio. Hawakuwa na fedha za amana anayodai mwenye nyumba kabla mpangaji hajaingia. Tezuka aliwaachia amana yake pamoja na meza ya kuchorea. Miaka 15 baadaye Fujimoto alianza kumchora Doraemon, paka wa buluu ambaye watoto wengi duniani wanamfahamu kupitia televisheni.

Ishinomori na Akatsuka walihamia mwaka 1956. Mwaka 1958 alikuja Hideko Mizuno, msichana wa miaka 18 kutoka Shimonoseki, mwanamke pekee katika kundi hilo. Walisaidiana kazi. Mmoja akizidiwa na siku ya kukabidhi kurasa, wenzake walimalizia kujaza wino mweusi au kuchora nyumba na miti ya nyuma. Njaa ikiuma waliagiza tambi za mchuzi kutoka Matsuba, mgahawa mdogo wa mtaani unaojulikana hadi leo kwa wapenzi wa manga.

Katika vyumba vilivyoigwa makumbushoni, kitu cha kuangalia zaidi ni meza. Ni fupi, mchoraji anakaa sakafuni. Zana zake ni kalamu ya nibu ya kuchovya, chupa ya wino, brashi, rula na rangi nyeupe ya kufutia makosa. Hizo ndizo zana zilizotengeneza sura ambayo mtoto wa leo anaitafuta kwenye programu yenye brashi mamia.

Karatasi duni, wino mmoja

Kutoka Tokiwa-so si mbali hadi Nakano, wilaya ya jirani. Hapo kuna jengo la maduka la Nakano Broadway, lililofunguliwa mwaka 1966. Mwaka 1980 duka dogo la vitabu vya manga vilivyotumika, Mandarake, lilianza humo. Leo Mandarake ina vyumba vingi ndani ya jengo hilo, na baadhi ya rafu zina majarida ya zamani yaliyofungwa kwenye mifuko ya plastiki ili yasiendelee kuharibika.

Yanaharibika kwa sababu hayakutengenezwa ili yadumu. Jarida la watoto lilisomwa kwenye treni, likaachwa kwenye kiti au likatupwa. Lilichapwa kwenye karatasi rahisi, yenye nyuzi za kukwaruza, iliyotokana na karatasi zilizotumika. Baadhi ya kurasa zilikuwa na rangi hafifu ya waridi, kijani au njano, jambo lililosaidia kuficha ubovu wa karatasi.

Wino nao ulikuwa mmoja. Rangi kamili ilikuwa ghali, hivyo ilitumika kwenye jalada na kurasa chache za mwanzo. Baadhi ya kurasa zilipata rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Mchoraji alilazimika kupata ngozi, nywele, anga, damu na machozi kwa rangi hizo mbili peke yake. Zilizobaki zote zilikuwa nyeusi kwenye karatasi.

Karatasi ya kukwaruza hunywa wino. Mstari uliochorwa mwembamba kama unywele ulitoka kwenye mtambo ukiwa umenenepa kidogo, kingo zake zikiwa na manyoya madogo. Kwenye kurasa za rangi, nyekundu ilipochapwa juu ya nyeusi, mara nyingi haikukaa mahali pake sawasawa. Shavu la msichana liliweza kuvuka mpaka wa uso wake. Wachapaji waliona ni kasoro. Kijana wa leo anaiona ndiyo ladha yenyewe.

Vitone vya kubandika

Kitu kinachotambulisha manga ya zamani kuliko vyote ni vitone. Mtambo wa wino mmoja hauna kijivu. Unaweza kuchapa nyeusi au kuacha karatasi wazi. Ili jicho lione kijivu, lazima nyeusi ivunjwe vipande vidogo vidogo, na macho yenyewe yachanganye.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mkono. Mchoraji alipiga mistari mifupi iliyokaribiana, kisha akapitisha mingine juu yake kwa mshazari, fungu kwa fungu, hadi eneo zima likafanana na ukili uliosukwa. Wajapani huita kazi hiyo kakeami. Ukurasa mmoja wenye anga ya usiku uliweza kula saa nyingi.

Baadaye zikaja karatasi za plastiki nyembamba zenye gundi nyuma na vitone vilivyochapwa tayari mbele. Wachoraji huziita skrintoni. Unaweka kipande juu ya mchoro, unakata kwa kisu kufuata umbo la kivuli, unatoa kilichozidi, kisha unasugua hadi kishike. Ukitaka mwanga uingie taratibu, kwenye shavu au kwenye wingu, unakwangua vitone kwa ncha ya kisu.

Karatasi hizo zilihesabiwa kwa namba mbili: idadi ya mistari ya vitone ndani ya inchi moja na asilimia ya weusi. Mistari 60 kwa asilimia 10 ilitoa kijivu chepesi cha kivuli cha uso, na asilimia 30 au 40 ilifaa kwa nguo na nywele. Kila karatasi ilinunuliwa, kwa hiyo kipande kilichobaki hakikutupwa. Mchoraji alifikiri kabla ya kukata.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza kwa mtoto. Programu ya leo ina kitufe kinachogeuza picha yoyote kuwa vitone kwa sekunde moja, na mtoto anaweza kujaza vitone kila mahali bila gharama. Lakini picha hiyo haifanani na ya zamani, kwa sababu hakuna aliyechagua wapi vikae na wapi karatasi ibaki nyeupe. Ukiangalia ukurasa wa zamani kwa makini utaona weupe mwingi.

Ukuta wa vitabu 50,000

Kosa jingine la mwanafunzi ni kudhani kwamba "zamani" ni mtindo mmoja. Mahali pazuri pa kuliondoa kosa hilo ni Kyoto, mwendo wa saa mbili na robo hivi kwa treni ya kasi kutoka Tokyo. Hapo kuna Makumbusho ya Kimataifa ya Manga, yaliyofunguliwa mwaka 2006 ndani ya jengo la iliyokuwa shule ya msingi ya Tatsuike. Sakafu za mbao na ngazi za shule bado zipo.

Ndani yake kuna kile wanachokiita Ukuta wa Manga, rafu zenye urefu wa jumla wa mita 200 na vitabu kama 50,000, vingi vya miaka ya 1970 hadi 2005. Vimepangwa kulingana na wasomaji: vya wavulana, vya wasichana na vya vijana wakubwa. Mgeni anaruhusiwa kuchukua kitabu na kukisoma popote ndani ya eneo hilo. Siku ya jua, familia hujilaza kwenye nyasi za uliokuwa uwanja wa shule, kila mtu na kitabu chake.

Ukifungua vitabu vya enzi mbalimbali unaziona tofauti. Kazi za Tezuka za miaka ya 1950 zina mistari ya duara na miili laini, kwa kuwa alipenda sana filamu za Disney. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 kundi jingine lilichora kwa ukali, nyuso zenye makunyanzi na vivuli vizito, kwa wasomaji wakubwa.

Miaka ya 1970 wachoraji wanawake waliibadilisha manga ya wasichana. Riyoko Ikeda, aliyeanza kutoa "The Rose of Versailles" mwaka 1972, alichora macho yenye nyota ndani, nywele zinazofurika nje ya fremu na maua yanayochanua nyuma ya mtu aliyevunjika moyo. Miaka ya 1980 ikaja na majengo, pikipiki na mitambo iliyochorwa hadi msumari wa mwisho, kama inavyoonekana kwenye "Akira" ya Katsuhiro Otomo, iliyoanza mwaka 1982.

Mtoto anayechanganya macho ya 1973 na pikipiki ya 1985 juu ya karatasi ya 1955 anaweza kupata picha nzuri, lakini atashindwa kueleza kwa nini haionekani ya kweli.

Makumbusho hayo yalianzishwa kwa ushirikiano wa Jiji la Kyoto na Chuo Kikuu cha Kyoto Seika, chuo chenye kitivo kizima cha manga. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2022 rais wa chuo hicho alikuwa Oussouby Sacko, mzaliwa wa Mali. Mzazi anayeamini kwamba mambo haya ni ya Wajapani peke yao anaweza kulifikiria hilo.

Namna ya kuipata sura hiyo kwenye simu

Hakuna haja ya kupanda ndege ili kuanza. Programu za kuchorea za ibisPaint na MediBang Paint, zote za Kijapani, zinapatikana bure kwenye simu zikiwa na matangazo, na ndani yake mna vitone vya skrintoni. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Krita, ambayo ni bure kabisa. Wachoraji wengi wa kazi hutumia Clip Studio Paint, ambayo hulipiwa. Hatua za msingi zinafanana kote.

Kwanza, mtoto achague enzi moja na mchoraji mmoja, aangalie kurasa zake kadhaa kabla ya kugusa kalamu. Ahesabu kuna vivuli vya aina ngapi kwenye ukurasa. Mara nyingi havizidi vitatu.

Pili, achore kwa wino mweusi mtupu, bila kijivu. Programu nyingi zina msaada wa kunyoosha mistari ili mkono usitetemeke. Aupunguze. Nibu ya chuma hunenepa ikikandamizwa na kukonda ikiachiwa, na mstari wa zamani una pumzi hiyo. Mstari ulionyooka kupita kiasi humsaliti mchoraji mara moja.

Tatu, aweke vitone mwishoni, kwenye tabaka lake peke yake, kwa ukubwa mmoja na mshazari wa nyuzi 45. Akishaviweka asiipunguze wala kuikuza picha. Vitone vikibadilishwa ukubwa vinagongana na vinukta vya kioo na kuzaa mawimbi yasiyotakiwa, kama yale yanayoonekana vyandarua viwili vinapopishana. Kwa sababu hiyo hiyo ahifadhi picha kwa muundo wa PNG, si JPEG, kwa kuwa JPEG huchafua kingo za vitone.

Nne, wino unywewe na karatasi. Mistari ikishakamilika, atengeneze nakala, aififishe kidogo sana, kisha aongeze utofauti wa mwanga na giza hadi irudi kuwa nyeusi na nyeupe. Kona kali zitakuwa zimelainika na mistari iliyokaribiana itakuwa imeshikana, kama ilivyotokea mtamboni.

Tano, kama anataka rangi, achague moja tu pamoja na nyeusi, kisha asogeze tabaka la rangi pembeni kwa vinukta viwili au vitatu. Asizidishe. Mchapaji wa zamani alikuwa akijitahidi kulenga.

Mwisho, karatasi. Badala ya kupakua picha ya karatasi ya mtu mwingine, apige picha ukurasa mtupu wa daftari la zamani au karatasi ya gazeti isiyo na maandishi, mchana karibu na dirisha. Aiweke juu ya mchoro kwa ile hali ya tabaka ambayo programu nyingi huiita Multiply. Karatasi ya nyumbani kwao ina alama zake, na hakuna mwingine atakayekuwa nayo.

Asiye na simu yake hajakosa kitu. Kalamu nyeusi ya kawaida na karatasi isiyo na mistari vinatosha kujifunza kakeami, na mkono uliojifunza kwenye karatasi hauhangaiki ukihamia kwenye kioo. Hata mwenye tableti ya bei ghali anashauriwa aanzie hapo.

Kisichofaa kuigwa

Karatasi duni, wino mmoja na chumba kidogo viliwafundisha wachoraji wa Tokiwa-so kuchagua. Lakini kulikuwa na upungufu mwingine ambao hauonekani kwenye kurasa zao, nao ni usingizi.

Machi 17, 1959 majarida mawili ya watoto yanayotoka kila wiki, Shonen Magazine na Shonen Sunday, yalianza siku moja. Awali kazi nyingi zilikuwa za kila mwezi. Kuanzia hapo mchoraji maarufu alitakiwa kutoa kurasa kila wiki, na aliyependwa zaidi alichorea majarida kadhaa kwa wakati mmoja. Kukesha kukawa desturi, na baadhi wakaona ni jambo la kujivunia.

Tezuka alifariki Februari 9, 1989 kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 60. Aliendelea kuchora akiwa hospitalini. Fujimoto, baba wa Doraemon, alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 62, kitabu kimoja kikiwa mezani hakijakamilika. Ishinomori, ambaye rekodi za Guinness zinamtambua kwa kuchora zaidi ya kurasa 128,000, alifariki mwaka 1998, siku tatu baada ya kutimiza miaka 60.

Hakuna daktari anayeweza kusimama na kusema kwamba kukesha ndiko kulikowaua. Saratani ina sababu nyingi, na wenzao wengine waliishi zaidi; Abiko alifikisha miaka 88. Hata hivyo, sayansi ya leo haina shaka kwamba kukosa usingizi kwa miaka mingi kunahusishwa na shinikizo la damu, magonjwa ya moyo, kisukari na msongo wa mawazo.

Kulikuwa na mchoraji mmoja wa enzi zao aliyekataa desturi hiyo. Shigeru Mizuki alipoteza mkono wa kushoto vitani, akachora maisha yake yote kwa mkono mmoja hadi akawa miongoni mwa wakubwa wa manga. Alichora hadithi fupi kuhusu nguvu ya usingizi, akiwakumbuka Tezuka na Ishinomori walivyokuwa wakijisifu kwa kukesha wakati yeye alikuwa akilala vya kutosha. Mizuki alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 93.

Maisha ya mtu mmoja hayathibitishi kanuni. Lakini yanatosha kumjibu kijana anayesema kwamba mchoraji wa kweli halali.

Mzazi afanye nini

Mtoto anayechora hapotezi muda. Anajifunza kutazama, kuvumilia na kumaliza kazi. Kinachohitaji kusimamiwa ni saa, macho na mkono.

Kuhusu usingizi, watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja, na vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu au tableti iwekwe mbali na kitanda, angalau saa moja kabla ya kulala. Vitone vinavutia kufanyiwa kazi usiku kwa sababu havina mwisho. Siku zote kuna kona moja zaidi ya kujaza. Ni vizuri familia ikubaliane saa ya kuacha kabla mtoto hajaanza, si wakati ameshazama.

Kuhusu macho, kazi ya vitone humfanya mtoto asogeze kioo karibu na uso. Kiwe angalau sentimita 30 kutoka machoni. Kila baada ya dakika 20 ainue uso na kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, hata kama ni mwembe wa jirani. Kucheza nje mchana, kwa saa mbili hivi kila siku, kunapunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali. Anayekunja macho kutazama ubao, anayeumwa kichwa mara kwa mara au anayesogelea televisheni apelekwe kupimwa macho.

Kuhusu mkono na mgongo, achore akiwa amekaa mezani, miguu ikifika chini, si akiwa amelala kifudifudi kitandani. Kila nusu saa asimame, anyooshe vidole, azungushe mabega. Maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha kwa siku kadhaa, au ganzi ya vidole, si ya kupaka dawa ya kuchua na kuendelea. Apumzishe mkono, na yakizidi amwone daktari.

Mwisho, mzazi aombe kuoneshwa. Akishaujua mstari wa nibu na kivuli cha skrintoni, anaweza kumuuliza mtoto swali la maana: hii umeiga enzi gani, na kwa nini hapa umeacha nyeupe? Mtoto aliyeulizwa swali hilo saa mbili usiku atakuwa na la kueleza, na akimaliza kueleza itakuwa rahisi zaidi kukubali kwamba kona iliyobaki itajazwa kesho.